Kipimo cha Mzee Lukelesha

1

Mzee Lukelesha alikataa kufa siku ya mnada. Alisema watu wa Ilambika hawawezi kuacha ng'ombe wao mnadani waje kumlilia, na hata wakija, nusu ya machozi yatakuwa ya ng'ombe. Akangoja. Kesho yake asubuhi, uji ukiwa bado jikoni, alimwita binti yake Mbuke akamwambia amkalishe, kwa sababu mtu aliyeongoza kikosi cha Nzige haondoki duniani amelala chali kama mlevi.

Mbuke alimwegemeza ukutani, uso ukielekea dirishani. Kutoka pale bonde lote lilionekana: majaruba ya mpunga yakishuka moja baada ya jingine hadi kisimani, na ng'ambo, juu ya mwinuko, kilima cha kijivu cha kifusi kilichoachwa na mgodi wa dhahabu wa zamani. Juu ya kilima kile hakikuota kitu. Huku chini kila kitu kiliota.

"Umepima lini jaruba la chini?" mzee aliuliza.

"Juzi, baba."

"Likasemaje?"

"Safi."

Mzee alitabasamu. Alikuwa akiuliza swali hilo karibu kila siku, kama mtu anayependa kusikia mtoto wake akisifiwa na jirani. Kisha, bila kubadili sauti, akasema azikwe ubavuni mwa mkewe, ndani ya mji wake, hapo hapo nyumbani. Upande wa mashariki wa kaburi lile aliacha nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mgeni.

Mbuke hakujibu. Yeye ndiye aliyekuwa Mpimaji wa Udongo wa Ilambika, na sheria iliyokataza jambo hilo aliiandika yeye mwenyewe na kuisoma yeye mwenyewe mbele ya mkutano. Baba yake alimtazama mdomo, akingoja neno litoke. Alikufa akingoja.

2

Kabla ya kuwaruhusu watu waingie, Mbuke alifunga mlango na kutoa kipimo kwenye mfuko wake. Kilikuwa bamba jembamba lenye ukubwa wa kiganja. Alilipitisha polepole juu ya muundi wa mguu wa kulia, akapanda pajani, akaenda kwenye mbavu. Bamba lilinguruma kama nyuki walio ndani ya kibuyu, na namba zikaanza kupanda: risasi, arseniki, kadimi, zebaki.

Mwili wowote hubeba madini. Kuna yale yanayotakiwa kwa chembe tu, kama zinki na shaba, ambayo yakipungua mtoto hadumu na mahindi yanageuka meupe. Na kuna yale ambayo hayatakiwi kabisa. Mgodi ulipofungwa uliacha kifusi cha hayo yasiyotakiwa, na mvua za miaka mingi zikakiteremsha bondeni. Yakatulia kwenye udongo wa juu, pale pale mizizi inapokula. Samadi huoza, mzoga huoza, dawa ya wadudu huisha nguvu. Risasi haiozi. Iliyoanguka shambani leo itawakuta vitukuu.

Dawa ya bonde ilikuwa mfyonzi, mmea uliobuniwa maabara, ambao mizizi yake ilikunywa sumu na kuificha majanini hadi majani yakawa na rangi ya bluu kama shingo ya kanga. Ulipaswa kung'olewa na mizizi yake kabla ya jani la kwanza kudondoka, maana jani likidondoka sumu imerudi nyumbani. Mashine zilijaribiwa zikashindwa. Zilivunja majani na kuyatawanya. Ilibidi iwe mikono ya watu, na vumbi la majani yale liliua watu.

Ndipo likaja komeo. Lilikuwa sindano moja ya begani. Risasi ina tabia ya kujifanya chokaa, na mwili huikaribisha mifupani kama mgeni anayelijua jina la mwenye nyumba. Waliotengeneza komeo waliichukua tabia hiyo wakaitia kazini. Sumu yoyote iliyoingia mwilini, iwe risasi au nyingine, komeo liliivuta, likaipeleka mfupani na kuifungia humo, isifike kwenye ubongo wala figo. Mtu mwenye komeo aliweza kung'oa mfyonzi miaka yote ya nguvu zake na kufa mzee. Lakini komeo halikuwa na ufunguo. Tena mfupa ukilala kwenye udongo wenye maji, komeo huoza kabla ya mfupa, na vyote vilivyofungiwa hutoka kwa pamoja.

Waliochomwa sindano ile waliitwa wabebaji. Walikuwa vikosi viwili: Nzige wa Lukelesha, na Mchwa walioongozwa na Masunga, na baada yake na mkewe Kalekwa. Waliingia shambani kwa ngoma kutoka ncha mbili, kila kikosi kikiimba aibu za mwenzake, kushindana nani atafika katikati kwanza. Kwa kuimbana hivyo mwaka hadi mwaka wakawa watani kabisa, wa shambani na wa msibani. Na kwa kuimbana hivyo hivyo wakalisafisha bonde ambalo wataalamu wa mjini walisema lingesafishwa na wajukuu.

Wabebaji walipoanza kufa, walipelekwa Nyumba ya Mawe, chumba kikavu kilichochongwa ndani ya mwamba nyuma ya kilima cha kifusi. Humo ndimo majivu ya mfyonzi uliochomwa yalimohifadhiwa kwenye mapipa. Mbuke ndiye aliyempima kila mmoja kabla ya safari hiyo, mlango ukiwa umefungwa kama leo, na hakupata kumwambia mtu hata namba moja. Aliona hiyo ndiyo heshima. Nani anataka kuambiwa kwamba baba yake amekuwa kifusi?

Bamba liliacha kunguruma. Mbuke aliisoma namba ya baba yake, akaifuta, akamfunika mzee shuka. Kisha akafungua mlango.

3

Nje walikuwa wamekwisha kujaa, maana kipimo kilichukua saa kadhaa na habari ilikuwa imefika kote. Mwenyekiti wa bonde, Nkwabi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimchukua pembeni akamweleza kwamba baraza limekaa asubuhi hiyo hiyo na wote wamekubali: sheria ibaki, ila kwa Mzee Lukelesha pekee ifumbe jicho. Mtu huyu, alisema, ndiye aliyeng'oa mfyonzi wa kwanza. Watoto wanamsoma shuleni. Wageni watakuja kulitazama kaburi lake, na haifai waonyeshwe pipa. Kaburi lilikuwa tayari. Vijana walikuwa wamelichimba upande wa mashariki wa kaburi la mama, na sasa walikuwa wakisubiri neno la Mpimaji tu.

Mbuke alimkumbusha kwamba kisima kiko chini ya mji ule, na majaruba yako chini ya kisima. Nkwabi akasema hayo yana jibu, na akamwita Ngeleja atoe jibu hilo.

Ngeleja alikuwa mwana wa Mbuke, mwanamume wa miaka ya kuoa na aliyeoa. Mkewe alikuwa jikoni kwa wanawake wengine akichambua mchele, mimba ikimzuia kuinama. Ngeleja alisimama mbele ya mama yake na wenzake tisa nyuma yake, vifua mbele. Alieleza kwa ufasaha. Watapanda mfyonzi juu ya kaburi la babu, kulizunguka lote. Komeo la babu litakapooza, mizizi itadaka kila kitakachotoka. Na kwa kuwa mfyonzi haung'olewi na mtu mtupu, wao kumi wamekubaliana kuchomwa sindano. Kikosi cha Nzige kitafufuka.

Watu waliokuwa karibu walipiga vigelegele. Mbuke alimtazama mwanawe, akaona bega lile lile la babu yake, na kichwa kile kile kisichotaka kushikwa.

"Na wewe ukifa na komeo lako," alimuuliza, "utazikwa wapi?"

"Hapa, mama. Kwa babu."

"Nani atang'oa juu yako?"

"Watoto wetu."

Aliyasema kwa fahari, bila hata kupepesa, na fahari hiyo ndiyo iliyomtisha Mbuke kuliko kitu chochote alichosoma kwenye bamba. Alifungua kinywa kumjibu. Kabla hajasema, vicheko vikazuka upande wa kaburini, vikafuatwa na sauti za watu wanaogombana, na mtu akaja mbio kusema kwamba Bibi Kalekwa wa Mchwa ameingia kaburini na amelala.

4

Mtani ana haki hiyo. Anaweza kulala kaburini akazuia maziko mpaka apewe kitu, na kwa kawaida hupewa kuku, watu wakacheka, akatoka. Kalekwa alikuwa amepewa kuku akamkataa. Akaletewa mbuzi, akasema mbuzi huyo amekonda kama mwenye msiba. Sasa Nzige wazee waliosimama ukingoni walikuwa wameacha kucheka.

"Hapa pazuri," Kalekwa alisema kutoka chini, mikono kifuani. "Panzi huyu alijua kujichagulia. Ila tangu lini panzi akalala chini ya ardhi? Chini ya ardhi ni kwa mchwa."

Mbuke aliwaomba watu warudi nyuma kidogo. Akavua viatu, akashikwa mkono, akashuka. Chini mlikuwa na ubaridi na harufu ya mvua ya zamani. Akakaa miguuni mwa bibi kizee, akamwamkia kama anavyoamkiwa mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Mpimaji."

"Inuka. Baridi hii si ya umri wako."

Kalekwa hakuinuka. Alimuuliza kama anakumbuka siku aliyokufa Masunga. Mbuke alikumbuka. "Nilikuja mlangoni kwako nikapiga magoti," Kalekwa alisema, na sasa hakukuwa na utani katika sauti yake. "Mimi, ambaye hata mganga sikuwahi kumpigia magoti. Nilikuomba mume wangu alale nyumbani. Ulinijibu nini?"

"Nilisema sheria ni ya wote."

"Basi leo nimekuja kuwaona hao wote."

Mbuke aliweka mkono kwenye ukuta wa kaburi ili ajishikilie. Udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, ukashikamana na vidole vyake. Nyungunyungu aliyekatwa na jembe alikuwa akijivuta kurudi ndani. Mbuke alipokuwa mtoto hapakuwa na nyungunyungu Ilambika. Mwalimu aliwahi kuwaletea mmoja kwenye chupa kutoka wilaya nyingine, wakapanga foleni kumtazama. Sasa walikuwa wamejaa ukuta mzima, wakifanya kazi yao, na hakuna mtu aliyewaleta. Walirudi wenyewe ardhi ilipowafaa.

Baba yake ndiye aliyewarudisha. Na juu, mita chache kutoka pale, kulikuwa na watu wanaompenda baba yake kiasi cha kutaka kuwafukuza tena.

"Amepata ngapi?" Kalekwa aliuliza.

Mbuke hakuelewa.

"Baba yako. Umempima. Amepata ngapi?"

"Mayu, hiyo haisemwi."

"Kwa nini haisemwi?" Kalekwa alijiinua kwa viwiko. "Tulipokuwa hai mlihesabu kila mstari tuliong'oa. Mlijua nani kashinda na nani kashindwa. Tukifa mnafunga mlango mnanong'ona, kama watu tuliokufa kwa ugonjwa wa aibu. Masunga alipata ngapi? Nimelala kitanda kimoja naye maisha yangu yote na sijui alibeba nini."

Zile namba Mbuke alikuwa nazo zote kichwani, za kila mbebaji aliyepita mikononi mwake. Hakuwahi kusahau hata moja. Alikuwa amezitunza kama mtu anavyotunza siri ya mwenzake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba alikuwa ananyima.

Alisimama. Kichwa chake kilifika usawa wa ukingo, na kutoka pale aliwaona watu kwa miguu yao kwanza, kisha nyuso.

"Baba yangu aliomba azikwe hapa," alisema. "Sikumjibu. Namjibu sasa, mkisikia nyote. Hapana."

Minong'ono ikaanza. Nkwabi alinyoosha mkono kutaka kusema, lakini Mbuke alikuwa akimtazama Ngeleja.

"Na hakuna atakayechomwa komeo. Babu yako alibeba ili wewe usibebe. Kazi yake ilikuwa kuimaliza. Usimwanzishie upya ukasema unamheshimu."

"Kwa hiyo atakaa na mapipa," Ngeleja alisema. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mtu aliyeusafisha udongo wote huu, asipate hata wa kujifunika."

Mbuke aligeuka akalitazama lile tuta la udongo mweusi lililokuwa kando ya kaburi, udongo wa ubavuni mwa mama yake, na aliyoyasema baada ya hapo hakuwa ameyafikiri kabla hajayatamka.

"Sheria inazuia mifupa kuingia katika udongo huu. Haizuii udongo huu kutoka. Leteni makarai."

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wakilipima neno lile. Kisha Ngeleja akajipangusa uso kwa kiganja, akachukua karai lililokuwa limechanganyiwa saruji, akalikung'uta, akaanza kujaza.

Kutoka chini Kalekwa alinyoosha mkono. "Nipandisheni, basi," alisema. "Na yule kuku msimfungue."

5

Walibeba tuta lote. Walitumia makarai, mabeseni, ndoo za maziwa, madebe, hata sufuria za msibani zikiwa bado za moto kutoka kwenye kuoshwa. Mchwa walisimama pembeni mwanzoni wakisema wao hawabebi mzigo wa panzi. Halafu mzee mmoja wa kikosi chao akaona Nzige wanavyomwaga njiani kwa kujaza kupita kiasi, akashindwa kuvumilia kazi mbaya, akaingia. Baada ya hapo waliingia wote. Shimo lililobaki walilijaza mawe ya mlimani. Jeneza lilitangulia, na nyuma yake msafara mrefu wa udongo ukapanda mwinuko vichwani mwa watu, ngoma za vikosi vyote viwili zikipigwa kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na ilisikika wazi kwamba hazikuwa zimefanya mazoezi.

Mpakani, majani yalipoishia na kifusi kuanza, palikuwa na nguzo mbili za chuma. Hapo ndipo kwa sheria Mpimaji husimamisha mwili, hutamka neno moja, "Apite," na mwili hupita. Mbuke alisimamisha msafara. Ngoma zikanyamaza kwa kupishana. Akatua beseni lake chini na kupanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Lukelesha," alisema, "kiongozi wa Nzige, alitoa katika udongo wa Ilambika, akaweka katika mifupa yake, gramu arobaini na moja."

Upepo ulipita juu ya kifusi. Mbuke aliwaona watu wakiitafuta maana ya namba ile, na aliogopa. Mwanamke mmoja aliuliza taratibu kama gramu moja inaweza kuharibu nini. Mbuke akamjibu kwamba gramu moja ikisagwa na kutawanywa ingetosha kuwafanya wagonjwa watoto wa shule nzima.

Mzee mmoja wa Nzige, mfupi, mwenye koti kubwa la mvua, ndiye aliyeelewa kwanza. Alinyoosha mgongo. Akaitamka namba ile kwa sauti, akaitamka tena, na ya tatu walimwitikia wengine, mpaka ikawa wimbo, na miguu ikaanza kuikanyaga. Arobaini na moja. Ngeleja alikuwa akiimba karai likiwa kichwani, udongo ukimdondokea mabegani, kichwa juu. Nzige wakawageukia Mchwa na kuanza kuwauliza, kwa ile sauti yao ya shambani, wao wana nini cha kuonyesha.

Kalekwa hakuwajibu. Alikuwa amesimama karibu na jeneza, kuku kwapani, akimtazama Mbuke. Mbuke alijua anachongoja, na alijua pia kwamba neno hilo litamwondolea baba yake ushindi ambao hajakaa nao hata dakika tano.

Aliinua mkono. Wakanyamaza.

"Masunga," alisema, "kiongozi wa Mchwa, alitoa katika udongo wa Ilambika, akaweka katika mifupa yake, gramu arobaini na tatu."

Kelele za Mchwa zilirudishwa na mwamba. Wazee ambao walikuwa wakitembelea fimbo walizirusha juu. Nzige walipinga papo hapo: Ngeleja alisema kipimo cha miaka ile kilikuwa cha kizamani na kilijulikana kupandisha, mtu wa Mchwa akamjibu kwamba kilichojulikana kupandisha ni pua za Nzige, na wakaendelea hivyo, udongo vichwani, wakizipita nguzo, mabishano yakipanda kilima pamoja nao kuelekea Nyumba ya Mawe, ambako watu walizoea kwenda wakiwa wameinamisha nyuso.

Kalekwa alibaki nyuma kidogo. Machozi yalimtiririka na hakuyajali. Aliweka kiganja juu ya mbao za jeneza, kabla wabebaji wa jeneza hawajaliinua tena, akaliegemea kama anayemnong'oneza mtu kiziwi.

"Mbili, panzi," alimwambia. "Umeshindwa kwa mbili."

Mbuke alijitwisha beseni lake. Udongo ule ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, na ubaridi wake ulipenya kwenye kata ya kitambaa hadi utosini. Baba yake alikuwa ameshindwa, mbele ya bonde zima, kwa kinywa cha binti yake mwenyewe, na Mbuke katika maisha yake yote hakuwahi kumwonea fahari kama alivyomwonea wakati ule.

"Twende, mayu," alisema. "Wametuacha."

"Waache watangulie," Kalekwa alisema, akimpachika kuku vizuri kwapani. "Mimi bado sijapimwa."